Kifaa hupandikizwa Nairobi, homa huzuka Nyamache

MGONJWA wa moyo anaporejea kijijini kutoka Nairobi akiwa amepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo, jamaa na majirani humpokea kama mtu aliyefufuka. Mtu aliyekuwa akizirai katikati ya shamba la chai sasa aweza kupanda kilima hadi sokoni Nyamache bila kusimama njiani. Maombi ya shukrani hufanywa, madeni ya mchango wa matibabu huanza kulipwa pole pole, na mazungumzo kuhusu maradhi yake hufikia kikomo.

Kukoma huko kwa mazungumzo ndiko kunakopaswa kuwatia wasiwasi wanaopanga huduma za afya nchini. Kwa mgonjwa wa aina hii upasuaji si mwisho wa safari. Siku aliposhonwa ndipo alipoanza kuishi na hatari mpya, ndogo kwa hesabu lakini kubwa kwa matokeo: bakteria kuingia katika kifaa alichowekewa na kufuata nyaya zake hadi moyoni.

Hatari hiyo haijitokezi mbele ya daktari bingwa aliyefanya upasuaji. Hujitokeza miezi au miaka baadaye, usiku, nyumbani, kama homa. Atakayekutana nayo kwanza ni muuzaji wa duka la dawa, muuguzi wa zahanati au afisa wa kliniki katika hospitali ya kaunti ndogo. Uamuzi wa mtu huyo katika saa za mwanzo ndio utakaoamua iwapo mamia ya maelfu ya shilingi, na maisha yaliyookolewa kwa fedha hizo, vitapotea.

Kwa muda mrefu sera za afya humu nchini zimepimwa kwa idadi ya mashine zilizonunuliwa na vyumba vya upasuaji vilivyofunguliwa. Swali la nani atamtambua mgonjwa huyo homa itakapompata limeachwa bila mwenyewe.

Kifaa chenyewe

Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho wengi hukiita pesimeka, ni kisanduku kidogo cha chuma kinachotoshea katika kiganja cha mkono. Ndani yake mna betri na mitambo ya umeme. Daktari hupasua ngozi chini ya mtulinga, aghalabu upande wa kushoto, akatengeneza mfuko mdogo na kukizika humo. Waya mmoja au zaidi hupitishwa katika mshipa mkubwa wa damu hadi ndani ya moyo. Moyo unapochelewa kupiga, kifaa hutuma umeme kidogo na kuuamsha.

Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha aina hii mwilini alikuwa Arne Larsson, raia wa Uswidi, mnamo Oktoba 1958 jijini Stockholm. Kifaa chake cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Hata hivyo, Larsson aliishi hadi 2001, akafariki akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Historia hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kifaa hiki huongeza miaka mingi ya maisha. La pili, ambalo halisemwi mara nyingi, ni kwamba betri huisha. Baada ya miaka saba, kumi au zaidi, mfuko ule hufunguliwa tena ili kisanduku kibadilishwe. Kila unapofunguliwa, mlango wa bakteria nao hufunguliwa. Ndiyo maana hatari ya maambukizi huwa kubwa zaidi wakati wa kubadilisha kifaa kuliko wakati wa kukiweka kwa mara ya kwanza.

Bakteria wanaohusika zaidi ni wa jamii ya stafilokokasi, ambao wengi wetu tunao kwenye ngozi au puani bila kudhurika. Wanapokifikia chuma au plastiki iliyo mwilini, hujishikiza juu yake na kutengeneza utando mwembamba unaowakinga dhidi ya dawa na dhidi ya askari wa mwili. Dawa inaweza kuwaua walio katika damu na homa ikashuka, ilhali waliojificha chini ya utando huo wanangoja dawa ikatike.

Maambukizi hayo huwa na sura mbili. Sura ya kwanza huonekana kwa macho: mfuko ulio chini ya mtulinga huvimba, huwa mwekundu, huuma, hutoa usaha, au ngozi huwa nyembamba hadi chuma kikachungulia. Sura ya pili haionekani kwa nje. Bakteria hukaa kwenye nyaya au kwenye vali, wakala utando wa ndani wa moyo. Hali hiyo madaktari huiita endokaditisi. Mgonjwa huwa na homa inayopanda na kushuka, hutoka jasho usiku, hukonda na kuchoka. Vipande vya uchafu vinaweza kung'oka na kusafiri na damu hadi kwenye mapafu, na moyo wenye vali iliyoshambuliwa unaweza kushindwa kusukuma damu.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mambo haya hayawapati wengi. Takwimu za mataifa yaliyoendelea huonyesha maambukizi kwa takriban mgonjwa mmoja au wawili katika kila 100 wanaopandikizwa. Hakuna aliyeshauriwa na daktari kuwekewa kifaa anayepaswa kukikataa kwa sababu hiyo, kwani moyo unaosimama ovyo huua kwa haraka zaidi. Hoja ni kwamba yule mmoja au wawili wanapoambukizwa, nafasi yao ya kupona hutegemea kutambuliwa mapema.

Homa katika milima ya Gusii

Sasa mtu huyo mmoja awekwe Nyamache, katika eneo la Bobasi, kaunti ya Kisii. Ni nchi ya vilima, migomba na chai, yenye nyumba zilizokaribiana na mashamba madogo. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, eneo hili lilihesabiwa kwa miaka kadhaa katika wilaya ya Gucha, iliyokumbwa na milipuko ya malaria ya nyanda za juu katika miaka ya 1990. Wakazi wazima wanaikumbuka misimu hiyo. Homa, katika kumbukumbu za kijiji, ina jina lake tayari.

Chukua mfano wa mkulima wa chai mwenye umri wa miaka 60 aliyepandikizwa kifaa miaka miwili iliyopita. Anapata homa na baridi. Mtoto wake anakwenda dukani kununua dawa ya malaria. Homa inashuka kidogo, kisha inarudi. Wiki inayofuata anapimwa katika kliniki. Kipimo kinaonyesha hana malaria. Anaambiwa huenda ni homa ya matumbo, na anapewa dawa za kuua bakteria za siku saba. Anapata nafuu. Siku kumi baadaye anatetemeka tena.

Hakuna aliyefanya jambo la ajabu katika mfano huu. Kila hatua inafanana na ile ambayo mamia ya wagonjwa wengine huipitia, na wengi wao hupona. Tatizo ni kwamba kwa mgonjwa huyu mmoja kila hatua imeondoa ushahidi. Dawa alizomeza hazikutosha kumponya, lakini zilitosha kuwapunguza bakteria katika damu hata maabara isiweze kuwaona. Atakapofika hospitali kubwa, daktari atatoa damu na kuipeleka maabara ili vijidudu vikuzwe na kutambuliwa, na huenda jibu likawa kwamba hakuna kitu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kwa mtu aliye na kifaa moyoni, damu hutolewa kwanza na dawa hufuata. Miongozo ya kimataifa husisitiza sampuli kadhaa za damu, zilizotolewa kwa nyakati tofauti, kabla ya dozi ya kwanza, isipokuwa mgonjwa yuko mahututi kiasi kwamba kusubiri kutamuua. Kuutambua mdudu kwa jina ndiko kunakomwezesha daktari kuchagua dawa itakayotumika kwa wiki kadhaa bila kubahatisha.

Kazi za shamba nazo zina mchango wake. Wachumaji wa majani chai hubeba vikapu mgongoni, na mikanda ya vikapu hivyo hupita mabegani, karibu kabisa na mahali kifaa kilipozikwa. Mkanda unaosugua ngozi hiyo siku nenda siku rudi unaweza kuichubua, na ngozi iliyochubuka juu ya chuma ni mlango. Vivyo hivyo kwa jembe katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, wakati nyaya hazijashikamana vyema na misuli ya moyo. Mgonjwa anayeambiwa mjini kwamba asibebe mizigo mizito kwa muda huenda asielewe kwamba kikapu cha chai ni mzigo unaozungumziwa, kwa kuwa yeye hukiona kama sehemu ya mavazi ya kazi.

Kuna pia mazoea ya kutibu uvimbe kwa kuuchoma sindano au kuutoboa ili usaha utoke. Hilo ni kosa kubwa hata likifanywa na mtu mwenye koti jeupe. Uvimbe ulio juu ya kifaa cha moyo hautobolewi wala kuchomwa sindano ya kunyonya, kwani chombo kinachoingia huweza kupeleka bakteria mahali ambapo hawakuwapo. Chale za dawa za kienyeji kifuani ni hatari kwa sababu iyo hiyo.

Dawa pekee haitoshi

Maambukizi yakithibitishwa, mgonjwa na jamaa zake hupata habari nzito ya pili. Kumeza au kuchomwa dawa pekee hakutaponya. Kifaa chote, pamoja na nyaya zake, sharti kiondolewe. Mgonjwa atibiwe kwa dawa za mshipani. Kisha, damu ikiwa safi, apandikizwe kingine upande wa pili iwapo bado anakihitaji.

Kuondoa kisanduku si kazi ngumu. Kuondoa nyaya ndiko kwenye kazi. Waya uliokaa mwilini kwa mwaka mmoja au zaidi huanza kuzungukwa na kovu na kushikana na ukuta wa mshipa na wa moyo. Kuuvuta bila vifaa maalumu kunaweza kupasua mshipa, ndiyo sababu kazi hiyo hufanywa penye daktari wa upasuaji wa moyo aliye tayari kukifungua kifua papo hapo. Vituo vya namna hiyo katika Afrika Mashariki ni vya kuhesabika.

Si Kenya pekee inayotatizika. Nchini Marekani, utafiti uliowahusu wagonjwa zaidi ya 11,000 wenye maambukizi ya vifaa vya moyo waliokuwa katika bima ya serikali ya wazee ulibaini kwamba ni chini ya mmoja kati ya watano aliyeondolewa kifaa ndani ya siku 30. Walioondolewa mapema walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki kuliko waliotibiwa kwa dawa pekee. Nchi iliyo na vituo kila pembe bado inachelewa kwa sababu madaktari wa kwanza kumwona mgonjwa hawaujui mwongozo au wanatumaini kwamba dawa zitatosha.

Jambo hilo linafaa kuwatia moyo wanaohisi kwamba bila mitambo ya kisasa hakuna linaloweza kufanyika Kisii. Sehemu kubwa ya kinachokosekana ni ujuzi na mazoea, na hivyo havinunuliwi kwa mabilioni.

Katika suala la kinga, maarifa yamepiga hatua. Dozi moja ya dawa ya kuua bakteria inayotolewa mshipani muda mfupi kabla ya ngozi kupasuliwa hupunguza maambukizi, na ni nafuu. Kuzuia damu isikusanyike ndani ya mfuko baada ya upasuaji ni muhimu vilevile. Mwaka wa 2019, utafiti wa kimataifa uliowashirikisha wagonjwa takriban 7,000 ulionyesha kwamba kukifunika kifaa kwa kijifuko chenye dawa kulipunguza maambukizi kutoka asilimia 1.2 hadi 0.7. Vijifuko hivyo ni ghali, na busara ni kuwawekea walio katika hatari kubwa zaidi, kama vile wanaobadilishiwa kifaa.

Vifaa vilivyotumika

Mjadala kuhusu maambukizi umekuwa na kivuli kingine barani Afrika. Vifaa vipya ni ghali mno kwa wengi. Uchunguzi wa wataalamu wa moyo wa Afrika ulionyesha kwamba katika mwaka wa 2016 nchi ya wastani barani ilipandikiza chini ya vifaa vitatu kwa kila watu milioni moja, ilhali Ulaya idadi hiyo ni mamia. Pengo hilo halina maana kwamba mioyo ya Waafrika ni imara zaidi. Maana yake ni kwamba watu huzirai, huzikwa, na chanzo cha kifo hakijulikani.

Ndipo likaja wazo la kuchukua vifaa kutoka kwa marehemu katika nchi tajiri, kwa idhini ya jamaa zao, kuvisafisha, kuvipima betri na kuwapandikiza wasio na uwezo. Wengi waliogopa kwamba vingeleta maambukizi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 uliwalinganisha wagonjwa 1,051 wa Mexico na nchi za Amerika ya Kati na Karibiani waliopewa vifaa vya aina hiyo na wagonjwa 3,153 wa Canada waliopewa vipya. Katika miaka miwili, maambukizi au vifo vinavyotokana nayo vilikuwa asilimia 2.0 kwa kundi la kwanza na asilimia 1.2 kwa la pili, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Mwaka wa 2024, Chuo Kikuu cha Michigan kilitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa karibu 300 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ambayo pia hayakuonyesha kwamba vifaa vilivyosafishwa upya ni duni kuliko vipya.

Funzo lililo wazi ni kwamba maambukizi hayatoki kwa mtu aliyekivaa kifaa hapo awali. Yanatoka katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe, mikono ya wahudumu, hewa ya chumba cha upasuaji na kidonda kisichotunzwa. Nchi inayoweza kukubali kifaa cha msaada inapaswa kujiuliza kama imejiandaa kumfuatilia anayekipokea.

Gharama na bima

Vifaa hivi hupandikizwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na katika hospitali za kibinafsi na za kimisheni jijini Nairobi, zikiwemo Aga Khan na Mater. Karibu zaidi na Gusii, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, iko hospitali ya misheni ya Tenwek huko Bomet, iliyoanzishwa mwaka wa 1937, ambayo imejijengea sifa kwa upasuaji wa moyo, hasa wa kubadilisha vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Hao waliobadilishiwa vali ni ndugu wa karibu wa mgonjwa wa kifaa. Vali ya chuma au ya mnyama nayo ni kitu kigeni moyoni, na bakteria huipenda vivyo hivyo. Wengi wao ni vijana, kwa sababu homa ya baridi yabisi huanza utotoni kwa kidonda cha koo kisichotibiwa. Lakini kuna tofauti moja inayowachanganya hata wahudumu. Mwenye vali bandia hupewa dozi ya dawa ya kuua bakteria saa moja au nusu saa kabla ya kung'olewa jino; mwenye kifaa cha mapigo pekee hahitaji dozi hiyo. Wote wawili wanahitaji kutunza meno na ngozi, na wote wawili wanapopata homa isiyo na chanzo dhahiri wanahitaji damu yao ipimwe kabla ya dawa.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu, mojawapo ikiwa ya dharura, maradhi sugu na maradhi mahututi. Kwa maandishi, hakuna mgonjwa anayefaa hazina hiyo kuliko aliyeambukizwa kifaa moyoni, kwani maradhi yake ni sugu na ni ya dharura kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, malipo ya bima kwa kawaida huangalia tukio moja moja: upasuaji, siku za kulala, kipimo. Maambukizi ya kifaa ni mnyororo. Kuna kukiondoa, wiki nne hadi sita za dawa za mshipani, pengine kifaa cha muda, kisha kupandikizwa kingine. Ikiwa pete moja haikulipiwa, mnyororo mzima hukatika. Mgonjwa aliyeondolewa kifaa na kukosa cha pili hurudi pale alipoanzia, akizirai.

Kwa mkulima asiye na mshahara, mchango wa SHA hukadiriwa kwa mapato ya nyumba na hutarajiwa kulipwa kwa mwaka. Mapato makubwa ya mkulima wa chai huja na bonasi, mara moja kwa mwaka. Homa haingoji bonasi. Kumweka mgonjwa aliye na kifaa au vali katika orodha ya watu ambao bima yao haipaswi kukatika ni jambo dogo kiutawala, kwa sababu idadi yao nchini si kubwa, na ni jambo kubwa kwao.

Lipi lifanyike

Wapo watakaouliza kwa nini kaunti yenye uhaba wa dawa za kawaida ishughulikie wagonjwa wachache wenye vyuma moyoni. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba karibu kila kinachohitajika kwa mgonjwa huyu kinahitajika na wengine wengi.

Maabara inayoweza kukuza vijidudu kutoka katika damu humwokoa mtoto mchanga mwenye sumu ya damu, mama aliyepata homa baada ya kujifungua na mgonjwa wa figo aliyewekewa mpira wa kusafishia damu. Kenya ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa vijidudu dhidi ya dawa kuanzia 2017, na mwingine ukafuata kuanzia 2023. Mipango hiyo haiwezi kutimia ikiwa dawa hutolewa bila kujua mdudu anayepigwa vita. Iwapo si kila hospitali ya ngazi ya nne inayoweza kuwa na maabara hiyo, chupa za kuchukulia damu zinaweza kuwekwa Nyamache na kusafirishwa siku hiyo hiyo hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Kinachotakiwa ni chupa, pikipiki na utaratibu.

Hatua ya pili haigharimu chochote. Katika kila kliniki, swali moja liongezwe kwa kila mtu mzima au mtoto mwenye homa: je, una kifaa au vali moyoni? Kisha kifua kitazamwe. Kovu lililo chini ya mtulinga hueleza mengi kwa sekunde chache, lakini halionekani mgonjwa akitibiwa akiwa na koti.

Tatu, kadi. Kila anayepandikizwa hupewa kadi inayoonyesha aina ya kifaa, tarehe na hospitali iliyohusika. Kadi hiyo aghalabu hufungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, kwa kuwa huonekana kama kitu cha thamani. Thamani yake iko mfukoni mwa mgonjwa, ikiwa na nambari ya simu ambayo afisa wa kliniki anaweza kuipiga na kujibiwa na mtu anayeijua kazi hiyo.

Nne, Kenya inao wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, ambao huzuru nyumba hadi nyumba na kuzijua familia kwa majina. Mhudumu anayejua kwamba katika kijiji chake kuna wawili walio na vifaa vya moyo anaweza kuwaonya kuhusu mkanda wa kikapu, akawauliza kuhusu homa, na kuwazuia wasikimbilie duka la dawa. Hakuna bingwa wa Nairobi awezaye kufanya hivyo.

Jamii ya Abagusii si geni katika mambo ya upasuaji. Ababari wake, waliofungua fuvu la kichwa ili kuwatuliza waliojeruhiwa, waliwashangaza wataalamu wa tiba waliowatembelea enzi za ukoloni. Kazi ya omobari haikuishia kwenye kisu. Kidonda kilifunikwa na kuuguzwa kwa dawa za miti, na aliyefanya upasuaji aliishi jirani na aliyefanyiwa.

Upasuaji wa kisasa umewatenganisha wawili hao. Mwenye kisu yuko Nairobi na mwenye kidonda yuko Nyamache, na kati yao kuna kilomita mamia, nauli, na mtu mmoja aliyevaa koti jeupe katika chumba cha wagonjwa wa kutwa. Serikali ya kitaifa na ya kaunti hazina budi kumfanya mtu huyo ajue la kuuliza, awe na chupa ya kuchukulia damu, na awe na nambari ya kupiga. Mgonjwa wa moyo aliyerudi nyumbani akiimbiwa nyimbo hataki mengi zaidi ya hayo siku homa itakapobisha hodi.